Mashine ya kukata nyasi haiwaki: pima kwanza, ndipo ufungue

Mvua za vuli zikishapiga mara mbili tatu, nyasi zilizokuwa zimekauka tangu Julai zinafika magotini, na mashine iliyolala stoo kiangazi chote inatolewa nje. Unavuta kamba, kimya. Unavuta tena mpaka bega linauma. Kinachofuata kwa watu wengi ni hasara tupu: plagi mpya, halafu koili inayotengeneza umeme wa plagi, halafu kabureta nzima, ile inayochanganya petroli na hewa, na mashine bado haiwaki kwa sababu petroli iliyomo kwenye tangi ni ile ya masika.

Hakuna haja ya kubahatisha. Injini ndogo ya petroli inataka vitu vinne: petroli nzuri, hewa, moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake, na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Vyote vinne vinapimika nyumbani kwa spana chache. Nashikilia sana jambo moja: kisichopimwa kisibadilishwe. Spea ya kubahatisha inakula hela, na baya zaidi inaficha ugonjwa, maana ukishafungua vitu vitatu kwa mpigo hutajua tena kama tatizo lilikuwepo au umelileta wewe.

Maelezo haya ni ya mashine za kusukuma zenye injini ya stroki nne, yaani zenye oili yake peke yake chini na petroli tupu kwenye tangi: Honda za GCV160 na GXV160, Briggs & Stratton, na za Kichina zinazofanana nazo. Mashine za kufyekea za kubeba begani nyingi ni stroki mbili. Petroli yake inachanganywa na oili. Vipimo vingi vya hapa vinazifaa pia, ila madumu yasichanganywe. Stroki nne ikipewa mchanganyiko itatoa moshi tu, lakini stroki mbili ikipewa petroli tupu pistoni inakwaruzika na injini inakufa.

Kabla ya kushika chochote

Chomoa kofia ya plagi na uiweke mbali na plagi. Fanya hivyo kila mara kabla mkono haujaenda chini ya mashine, hata kama "unatoa nyasi kidogo tu". Kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukikizungusha kwa mkono umezungusha injini, na injini yenye petroli na moto inaweza kupiga mara moja. Mara hiyo moja inatosha kuondoa vidole.

Fanyia kazi nje au kwenye kibaraza cha wazi. Mvuke wa petroli unatambaa chini na kwenda mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo sigara, jiko la mkaa na jiko la gesi vikae mbali. Injini ikishawaka, usiiache ikinguruma ndani ya stoo: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua.

Ukilazimika kuilaza mashine, upande wenye kabureta na chujio la hewa ndio uangalie juu. Ukiilaza kinyume, oili inapita kwenye valvu na mrija wa hewa, inalowanisha chujio na kujaa kwenye silinda, na hapo umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Vifaa: spana ya plagi (nyingi ni namba 21), spana au soketi namba 10, bisibisi, plaisi, brashi ya waya, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), kopo la kioo safi, petroli mpya lita moja, na dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta. Ukiikosa dawa, petroli safi na hewa ya mafundi tairi vinasaidia.

Yale ya dakika tano

Koki ya petroli imefunguliwa? Choki (kilango kinachopunguza hewa) imefungwa, kama injini ni ya baridi? Kama mashine ina kipira cha kubonyeza badala ya choki, kibonyeze mara 3 taratibu. Kikiwa kimepasuka au hakirudi, hakisukumi petroli. Kofia ya plagi imekaa sawasawa? Oili ipo kwenye alama? Baadhi ya injini zina swichi inayokata moto oili ikipungua, nazo zitakataa kuwaka hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Kisha ile leva ya kwenye mpini. Ukiiachia, inafanya kazi mbili: inakaza breki kwenye flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku juu ya injini) na inapeleka moto wa koili kwenye bodi ili plagi isipige. Kebo yake ikilegea au kukatika, utavuta kamba mchana kutwa bila kupata moto. Angalia kule chini kwenye injini, mwenzako akibana leva: kile kimkono cha breki lazima kisogee mpaka mwisho. Kisiposogea, kaza kebo au ibadilishe.

Nimeona mashine nyingi, hasa za mashule na za nyumba za wageni, leva yake imefungwa kwa mpira wa tairi ili mtu asichoke kuibana. Naomba sana usifanye hivyo, na ukikuta imefungwa, ifungue leo. Marekani ilitunga kanuni kwamba mashine za kusukuma zilizotengenezwa baada ya Juni 1982 kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 mtu akiachia mkono, baada ya watu kuumia sana. Kijana anayeteleza kwenye nyasi mbichi hana kinga nyingine.

Chujio la hewa linataka kutazamwa tu. La karatasi likiwa limejaa vumbi au limelowa oili, litoe na ujaribu kuwasha bila hilo kwa sekunde chache. Injini ikiwaka, umepata jibu. La sponji linaoshwa kwa sabuni, linakaushwa, linapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi.

Na chungulia bomba la moshi. Wale nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana tundu la namna hiyo, na wanaliziba kabisa mashine ikikaa miezi kadhaa. Panya nao hujenga chini ya kifuniko cha kamba na kutafuna waya.

Petroli

Hapa ndipo penye sababu nyingi kuliko kwingine kote, kwa hiyo usipapite haraka.

Petroli inazeeka. Ndani ya takriban siku 30 kwenye tangi lenye tundu la hewa, ile sehemu nyepesi inayoshika moto kwa urahisi imeanza kuruka. Kinachobaki ni kizito, kinanuka kama rangi ya mbao iliyochacha, na kwenye kabureta kinageuka utomvu unaoziba matundu membamba kuliko sindano. Tangi likijaa petroli ya miezi minne, hakuna plagi duniani itakayokusaidia.

Chota kidogo kutoka kwenye tangi, tia kwenye kopo la kioo, liache litulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini, na utaona mstari kati yake na petroli. Maji huingia kwa mvua, kwa mashine kuoshwa na mpira, au kwa tangi kuachwa nusu: hewa yenye unyevu inaingia mchana na kuwa matone usiku, na kwa watu wa Pwani hili ni la kila siku. Angalia pia kutu na takataka.

Halafu kuna mafuta ya taa. Petroli kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa ni tatizo linalojulikana kwetu kiasi cha serikali kuingilia: Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama za siri za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Vituo vingi viko salama, lakini petroli ya chupa ya kando ya barabara haina mdhamini. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uliache juani kidogo. Petroli safi inaruka na kuiacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta lisilokauka. Injini iliyopewa petroli hiyo husumbua zaidi asubuhi, ikiwa ya baridi, na plagi yake hutoka nyeusi yenye ungaunga wa masizi.

Ukiitilia shaka petroli, usiipime mara mbili. Mwaga yote kwenye dumu, suuza tangi kwa petroli kidogo mpya, kisha weka mpya. Ile ya zamani usiimwage mtaroni wala shambani. Fundi wa gereji anaweza kuitumia kuoshea vyuma.

Kijiko kimoja kinachogawa njia

Sasa kipimo ambacho kwangu kina thamani kuliko vingine vyote. Fungua plagi na uitazame kabla hujaifuta.

Plagi kavu kabisa, baada ya kuvuta kamba mara nane au kumi, inasema petroli haifiki. Plagi iliyolowa petroli inasema petroli inafika, ila ama moto haupo ama petroli imezidi. Masizi meusi makavu: hewa haitoshi au choki imekwama. Oili: mashine ililazwa vibaya, au ringi za pistoni zimechoka.

Futa plagi, isugue kwa brashi ya waya. Dondosha ndani ya tundu lake petroli mpya, nusu ya kijiko cha chai, isizidi. Futa iliyomwagika nje, rudisha plagi na kofia yake, funga dumu la petroli na uliweke mbali, kisha bana leva na uvute kamba kwa nguvu.

Ikiwaka sekunde mbili tatu ikazima, furahi. Moto upo, kompresheni ipo, wakati wa moto uko sawa. Tatizo ni njia ya petroli, na huna sababu ya kugusa koili wala flaiwili. Isipopiga hata mara moja baada ya kuvuta mara nne au tano, petroli haina kosa kwa sasa. Nenda kwenye moto, kisha kii ya flaiwili, kisha kompresheni. Ikipiga kinyumenyume, kamba ikakurudisha kwa nguvu au kabureta ikatema moto, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya kii.

Plagi ikiwa imelowa chapachapa tangu mwanzo, usiongeze petroli. Iache nje, funga koki, fungua choki, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi na kofia ya waya ikiwa mbali ili petroli itoke, subiri dakika kumi na tano, rudisha plagi kavu, ujaribu bila choki.

Iliwaka ikazima: fuata petroli

Chomoa mpira wa petroli pale unapoingia kwenye kabureta, uuelekeze kwenye chupa, ufungue koki. Petroli inatakiwa itiririke mfululizo. Isipotoka, mpira umeziba, kichungi kimeziba, au ile neti ndogo ya ndani ya tangi imejaa takataka. Ikitoka vizuri halafu ikafifia na kusimama, legeza kifuniko cha tangi. Ikianza tena, tundu la hewa la kifuniko limeziba: petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii juu yake. Zibua kwa maji ya moto na kupuliza. Hitilafu hii ndiyo inayowafanya watu waseme "inawaka vizuri, inakata dakika kumi, halafu inazima yenyewe".

Petroli ikifika vizuri mpaka kwenye mpira, basi kazi iko kwenye kabureta, na sasa una haki ya kuifungua.

Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, hasa zile springi na vijiti vya gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini. Kuna matundu matatu manne yanayofanana kwenye mkono mmoja, na springi ikirudi kwenye tundu lisilo lake injini itapiga kelele kupita kiasi au haitapanda kabisa. Mara nyingi huna haja ya kuitoa kabureta: funga koki, weka chombo chini, legeza nati moja iliyo chini ya bakuli na ushushe bakuli peke yake. Kukiwa na ute wa kijani au kahawia, umekwisha kumpata mkosaji.

Tazama hiyo nati vizuri. Kwenye baadhi ya kabureta, zikiwemo za Briggs & Stratton, nati yenyewe ndiyo jeti, kitundu cha kupimia petroli: ina tundu jembamba limetobolewa ubavuni na lingine juu. Watu wanaosha bakuli likang'aa, wanairudisha nati ikiwa imeziba, na wanashangaa. Kwenye aina nyingine, zikiwemo za Honda, jeti kuu iko juu katikati, inafunguliwa kwa bisibisi bapa inayoenea sawasawa, na juu yake kuna mrija mdogo wenye matundu pembeni unaoshuka wenyewe jeti ikitoka. Ukigoma, usukume kwa kijiti cha mbao.

Inua jeti ulitazame jua kupitia tundu lake, uone duara kamili la mwanga. Likiwa halionekani au limepinda, zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma; jeti ni ya shaba nyeupe laini, na ukilipanua tundu hata kidogo injini itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Puliza dawa kwenye kila njia, huku umefumba macho au umevaa miwani, na uhakikishe inatokea upande wa pili. Rudia mpaka itoke safi.

Chomoa pini ya floti, lile boya la ndani ya bakuli, itoe pamoja na sindano yake. Tikisa floti sikioni: ikilia maji, imetoboka, ibadilishe. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, haitaziba petroli tena, na mashine itakuwa inavuja au inajaza oili petroli. Kagua oili yako sasa hivi: ikinuka petroli au ikiwa imepanda juu ya alama, imwage kabla ya kuwasha. Gasketi ya bakuli ikigusa dawa inavimba na kukataa kurudi kwenye mfereji wake. Iache juani saa moja mbili itanywea, usiikate.

Rudisha, fungua koki, subiri dakika mbili uone kama kuna uvujaji, washa.

Haikupiga kabisa: tafuta moto

Toa plagi, iingize kwenye kofia yake, gusisha nyuzi zake kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ulilotia petroli. Shika kwa plaisi yenye mpira, si kwa mkono mtupu. Bana leva, mwenzako avute kamba. Unatafuta moto wa bluu unaolia "tap". Wa njano uliofifia hautoshi, kwa sababu ndani ya silinda, chini ya kompresheni, utashindwa kabisa. Fanyia kivulini; juani hutauona.

Kama haupo, jaribu na plagi mpya kabla ya yote. Ni spea ya bei ndogo. Honda za GCV160 zinatumia NGK BPR6ES, na uwazi wake ni milimita 0.7 hadi 0.8. Briggs & Stratton nyingi za zamani zenye valvu za pembeni zinataka karibu milimita 0.5, na mpya zenye valvu za juu 0.76. Hakikisha kwa fila geji, hata ikitoka dukani, na ukague sanduku kwa makini, maana plagi bandia zimejaa.

Bado hakuna moto? Toa kifuniko cha kamba, ufuate ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye breki. Huo ndio wa kuzimia. Uchomoe kwa muda. Moto ukirudi, koili ni nzima. Waya umechubuka na kugusa bodi, au swichi ya breki imekwama. Hiki ni kipimo tu: mashine isirudi kazini waya ukiwa nje, kwa sababu haitazimika ukiachia leva.

Moto usiporudi, tazama koili na sumaku za flaiwili. Kutu kati yake inadhoofisha moto. Sugua pande zote mbili kwa msasa laini. Kisha pima uwazi: Briggs & Stratton nyingi zinataka milimita 0.25 hadi 0.36. Kipande cha kadi ya biashara kinatosha: legeza boliti mbili za koili, weka kadi, acha sumaku ivute koili, kaza, toa kadi. Ukifanya yote hayo na bado kimya, sasa nunua koili. Na kama tabia ya mashine ni kuwaka vizuri, kuzima ikishapata joto, na kuwaka tena ikipoa nusu saa, koili ndiyo ninayoishuku kwanza, mradi ulishakagua kifuniko cha tangi.

Iligonga kisiki: kii ya flaiwili

Moto upo, petroli ipo, kamba inavutika vizuri, na mashine inapiga chafya, inarudisha kamba au haipigi kabisa. Uliza swali moja: iligonga nini? Jiwe, mzizi wa mwembe, kigingi cha chuma?

Kisu kikisimama ghafla, krenki inasimama nacho, lakini flaiwili nzito kule juu inataka kuendelea kuzunguka. Katikati yao kuna kii, kipande kidogo cha chuma, na kwenye mashine nyingi ni cha aluminiamu. Kinakatika au kinapinda. Flaiwili ikishasogea hata milimita moja kwenye krenki, sumaku zinapita koili kabla au baada ya wakati wake, na moto unakuja pistoni ikiwa mahali pasipo pake. Plagi ukiitoa nje inawaka bluu vizuri kabisa, ndiyo maana hitilafu hii inawasumbua hata mafundi wa pikipiki waliobobea.

Kabla ya kwenda juu, nenda chini: kofia ya plagi ikiwa imetolewa, jaribu kukitikisa kisu, ukiwa na glavu. Kwenye mashine zenye flaiwili nyepesi, uzito wa kisu ndio unaosaidia kuizungusha injini ipite kompresheni. Kisu kilicholegea kinatoa dalili zilezile za kii iliyokatika, na dawa yake ni kukaza boliti. Usijaribu kuwasha mashine hizo bila kisu.

Kisu kikiwa imara, toa nati ya flaiwili. Ng'oa flaiwili kwa puli, kifaa chake cha kuing'olea. Usiigonge kwa nyundo kwenye mapezi. Mapezi huvunjika, na usigonge kichwa cha krenki kikiwa uchi. Ukilazimika kugonga, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya krenki ili nyuzi zisiharibike, na utumie nyundo ya mbao. Flaiwili ikitoka, mifereji miwili, wa krenki na wa flaiwili, inatakiwa itazamane sawasawa. Weka kii mpya ya aina ileile. Kuchonga nyingine kutoka kwenye msumari ni kuomba balaa: siku mashine ikigonga tena, msumari hautakatika, utapasua mfereji wa krenki, na krenki ni bei ya nusu ya mashine. Safisha mafuta yote kwenye sehemu ya krenki inayoshika flaiwili, kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Ukiwa hapo, zungusha krenki na uangalie ncha yake ya chini kama inayumba. Ikiyumba, imepinda, na mashine hiyo isiendelee kutumika. Mtetemo wake unapasua bodi na kulegeza kisu.

Kompresheni

Kamba ikivutika laini kama hakuna kitu ndani, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na mwenzako avute taratibu, kofia ya plagi ikiwa mbali. Hewa inatakiwa ikisukume kidole. Sipendekezi kutegemea geji, kwa sababu injini nyingi za aina hii zina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, na geji itakuonyesha namba ndogo injini ikiwa nzima.

Hewa ikiwa hafifu, tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda, vuta mara chache, pima tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimechakaa. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Kwenye injini yenye valvu juu, fungua kifuniko chake na uzungushe taratibu: mikono yote miwili lazima ipande na kushuka. Mmoja ukibaki chini, valvu imekwama kwa kulala muda mrefu, au kijiti kimeruka mahali pake. Valvu iliyokwama mara nyingi hulegea kwa mafuta ya kupenyeza na kugongwa polepole. Uwazi wa GCV160 injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutoa moshi. Zaidi ya hapo, kama ni ringi au krenki, peleka kwa fundi na uulize kwanza bei ya injini nzima.

Kamba ikigoma kabisa kuvutika, toa plagi ujaribu. Ikizunguka na kutema oili au petroli, silinda ilikuwa imejaa. Endelea kuvuta mpaka iishe, na moshi mweupe wa mwanzo usikutishe. Ikigoma bado, chungulia chini kama nyasi au kamba imejisokota kwenye kisu, na kama breki inaachia.

Ikishawaka

Iache ikinguruma dakika tano, kisha mwaga oili ikiwa ya moto na uweke mpya. SAE 30 inafaa joto letu, na 10W-30 inafaa karibu kote. GCV160 inachukua lita 0.55 tu, kwa hiyo chupa ya lita moja inatosha mara moja na kubaki.

Ukifika mwisho wa msimu, funga koki na uiache injini iwake mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta ilale kavu. Tangi limwage kabisa. Legeza ile nati ya chini ya bakuli utoe matone yaliyobaki. Tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, vuta kamba mara mbili, rudisha plagi, kisha vuta polepole mpaka usikie uzito wa kompresheni na uachie hapo. Valvu zote mbili zinakuwa zimefungwa na hewa ya unyevu haiingii. Bomba la moshi lizibe kwa kitambaa kwa ajili ya nyigu, na ufunge uzi mwekundu kwenye kamba ya kuwashia umkumbushe atakayeitoa stoo kwamba kitambaa kipo.